Faili Zirudi Nyumbani? Mizani ya Kuhama Hifadhi za Mtandaoni

Ujumbe wa kwamba nafasi ya kuhifadhi imejaa umewafikia watumiaji wengi wa simu za Android, na mara nyingi huwafikia watu wasiojua ni nini hasa kilichojaa. Simu bado ina nafasi na picha zote zipo, ila barua pepe mpya haziingii na nakala ya mazungumzo ya WhatsApp haikamiliki usiku. Mmoja anashauriwa afute picha. Mwingine anaambiwa alipie kila mwezi. Wa tatu anashawishiwa na fundi anunue diski, aiweke sebuleni na aachane kabisa na kampuni za nje. Kila ushauri una ukweli ndani yake, na kila mmoja una mahali unapokwama.

Mkanganyiko unatokana na maswali matatu yanayochanganywa kuwa moja: faili zinakaa kwenye diski ya nani, mwenyewe anazifikiaje akiwa mbali, na nakala ya pili iko wapi. Anayehama kutoka Google Drive, iCloud au Dropbox kwenda kwenye seva yake mwenyewe analijibu swali la kwanza tu. Mawili yaliyobaki, ambayo kampuni ilikuwa ikiyashughulikia bila mteja kujua, sasa yanamwangukia yeye.

Jinsi nafasi ya bure ilivyokwisha

Dropbox ilianzishwa mwaka 2007, Apple ikaleta iCloud mwaka 2011, na Google Drive ikafuata Aprili 2012. Lakini kilichobadilisha mazoea ya watu wengi ni Google Photos, iliyotangaza Mei 2015 kwamba itapokea picha bila kikomo na bila malipo, mradi mtumiaji akubali zipunguzwe ubora kidogo. Kwa mwenye simu ya bei nafuu yenye GB 16 hilo lilikuwa jambo kubwa. Alipiga picha, zikapanda zenyewe, akazifuta kwenye simu na kuendelea na maisha.

Zoea hilo lilijengeka kwa miaka sita. Tarehe 1 Juni 2021 utaratibu ukabadilika, na tangu hapo kila picha mpya inahesabiwa ndani ya GB 15 zile zile zinazobeba Gmail na Drive. Mwaka 2024 nakala za WhatsApp za simu za Android, ambazo awali hazikuhesabiwa, nazo zikaanza kuingizwa kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana mtu anayeamini hajapakia chochote anakuta nafasi imekwisha: video za makundi ya harusi, misiba na vikoba zimekuwa zikiingia kila usiku kupitia nakala hizo. Wengine wana uwanja mdogo zaidi. iCloud hutoa GB 5 bure, na Dropbox GB 2.

Sababu ya mabadiliko haya ni ya kibiashara. Kampuni zilianza kwa kutafuta watu, sasa zinatafuta malipo ya kila mwezi kutoka kwa watu ambao tayari kumbukumbu zao ziko ndani. Nchini Marekani TB 2 za Google au za Apple huuzwa dola 9.99 kwa mwezi, yaani karibu dola 600 kwa miaka mitano. Tanzania hutoza VAT ya asilimia 18 kwa huduma za kidijitali zinazotoka nje, na Kenya asilimia 16. Kiasi hicho si kidogo kwa familia, na hakina mwisho.

Wakati huo huo, zana za kujitegemea zimekomaa. Nextcloud, programu huria ya kuhifadhi na kushirikishana faili, ilizaliwa Juni 2016 pale Frank Karlitschek alipojitenga na ownCloud, mradi aliouanzisha mwenyewe mwaka 2010. Serikali ya shirikisho ya Ujerumani imeitumia kwa ajili ya watumishi wake. Immich, iliyokuja baadaye, inafanana sana na Google Photos kwa matumizi, hata kutambua sura za watu, lakini inafanya kazi kwenye kompyuta ya mwenye picha. Aliyejaribu jambo hili miaka kumi iliyopita na kukata tamaa angeshangaa.

Hoja za wanaobaki

Mtetezi wa kampuni kubwa ana hoja moja nzito kuliko zote: simu ikiibwa. Mtu aliyepokonywa simu kituoni jioni hununua nyingine, huingiza neno la siri, na picha, majina na nyaraka zake zote hurudi. Hakuna seva ya nyumbani inayofanya hivyo kwa urahisi ule. Faili za kampuni huwekwa kwenye diski kadhaa kwa wakati mmoja, mitambo inalindwa na wahandisi usiku na mchana, na matundu ya usalama huzibwa bila mteja kufanya lolote.

Udhaifu uko kwingine. Barua pepe, picha, nyaraka, na mara nyingi hata njia ya kurejesha akaunti za benki, vyote vinaning'inia kwenye akaunti moja. Akaunti ikifungwa, vyote huanguka pamoja. Agosti 2022 gazeti la New York Times liliripoti kisa cha baba mmoja wa San Francisco aliyempiga mwanawe picha ya sehemu iliyovimba ili daktari aione. Mfumo wa Google uliitambua kama picha ya unyanyasaji wa mtoto, na akaunti yake ikafungwa. Polisi walichunguza wakamsafisha, lakini kampuni ilishikilia uamuzi wake. Kutafuta picha za uhalifu ni wajibu wa kweli na hakuna anayetaka uachwe. Tatizo ni kwamba mtu aliyekosewa hakuwa na dirisha la kwenda kujieleza.

Kuna pia kufutwa kwa sababu ya ukimya. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili. Katika jamii ambako watu hufariki bila kumwachia yeyote maneno ya siri, sheria hiyo inagusa picha za marehemu ambazo familia haijui hata kama zipo.

Hoja ya faragha nayo haijafa. Nyaraka alizovujisha Edward Snowden mwaka 2013 zilionyesha jinsi mashirika ya ujasusi ya Marekani yalivyopata taarifa kutoka kwa kampuni za teknolojia, na sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iitwayo CLOUD Act inaruhusu vyombo vya nchi hiyo kudai taarifa kutoka kwa kampuni zake hata kama seva ziko nje. Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Februari 2025, baada ya shinikizo la serikali, Apple iliondoa kwa watumiaji wa huko ulinzi wake wa juu kabisa wa iCloud, ule unaoifanya hata kampuni yenyewe ishindwe kusoma faili. Ulinzi uliokuwepo jana unaweza kuondolewa leo, na mteja akabaki kuarifiwa tu.

Hoja za wanaohama

Anayeweka seva nyumbani hanunui nafasi kila mwezi. Akiongeza diski, nafasi imeongezeka. Hakuna anayepekua picha za watoto wake, na hakuna akaunti ya kufungwa. Ndani ya nyumba, faili husafiri kwa Wi-Fi bila kula bando.

Faida hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee Afrika Mashariki. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ilikaa siku kadhaa bila intaneti kuanzia siku ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025. Siku kama hizo, nyaraka zilizo kwenye seva ya ng'ambo huwa kana kwamba hazipo. Zilizo kwenye diski ya nyumbani hufunguka kama kawaida kwa aliye ndani ya nyumba. Aliye safarini, hata hivyo, hana lake. Seva yake imenasa upande wa pili wa ukimya ule ule.

Gharama ya kuanza ni ya kweli. Kuna kifaa chenyewe, kiwe kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, kompyuta kuukuu ya mezani, au kisanduku cha diski cha Synology au QNAP. Kuna diski, angalau mbili. Kuna betri ya akiba ya kuhimili umeme unapokatika, maana diski inayozimika ghafla katikati ya kuandika inaweza kuharibu faili. Umeme wenyewe ni mdogo: kifaa kinachovuta wati 15 mchana na usiku hula karibu uniti 11 kwa mwezi. Familia iliyo katika kundi la matumizi madogo la TANESCO, lile la wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, ipige hesabu hiyo kabla. Uniti 11 za nyongeza zinaweza kuivusha kwenda bei ya juu kwa matumizi yake yote mengine.

Kikwazo kinachofichwa na matangazo

Maelezo mengi ya kujitegemea yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Ulaya au Marekani ambaye ruta yake ina anwani yake ya kipekee kwenye intaneti. Wateja wengi wa huku, hasa wanaotumia ruta za laini za simu, hawana anwani hiyo.

Mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, IPv4, una takriban anwani bilioni 4.3, na zimekwisha kugawanywa karibu zote. AFRINIC, taasisi inayogawa anwani hizo barani Afrika, iliingia hatua ya mwisho ya kubana akiba yake Januari 2020. Kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama sanduku la posta la shule: barua za kutoka huenda bila tatizo, ila inayoingia bila jina la darasa haijui iende kwa nani. Mwenye seva nyumbani anaona kila kitu kimekaa sawa, anatoka nje, anajaribu kuifikia kwa simu, na hapati kitu. Anaanza kulaumu programu, kumbe programu haina kosa.

Njia za kuuvuka ukuta huo zipo tatu. Ya kwanza ni kumwomba mtoa huduma anwani ya kudumu, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa malipo ya ziada na hasa kwa wateja wa biashara. Ya pili ni kutumia mtandao binafsi kama Tailscale, uliojengwa juu ya WireGuard, teknolojia iliyoingizwa rasmi ndani ya Linux Machi 2020. Hapo simu na seva zote mbili hutoka nje na kukutanishwa, kisha huzungumza kwa njia iliyofungwa, mara nyingi moja kwa moja. Hakuna mlango unaoachwa wazi kwenye ruta, na hii ndiyo njia ambayo mtu asiye mtaalamu anapaswa kuanza nayo. Ya tatu ni kupitisha mawasiliano kwenye huduma kama Cloudflare Tunnel. Ni rahisi kwa kushirikiana na watu wengi, ila mawasiliano ya tovuti hufunguliwa kwenye seva za Cloudflare kabla ya kuendelea. Aliyekimbia kampuni moja kwa ajili ya faragha ajue kwamba hapo amejikabidhi kwa nyingine.

Hata Tailscale ni kampuni. Haioni yaliyomo kwenye faili, lakini vifaa vya mteja hutambulishana kupitia kwake. Kujitegemea kwa asilimia mia ni nadra, na anayeahidi hilo ama hajapima ama anauza kitu.

Kuna pia kasi ya kupandisha. Faili zikiwa nyumbani, kila picha inayofunguliwa ukiwa mbali inatumia kasi ya kupandisha ya nyumbani, ambayo kwenye laini nyingi ni ndogo kuliko ya kushusha. Wenye faiba wanaweza wasilione hilo. Wenye bando la simu watalipia faili moja mara mbili, ikitoka nyumbani na ikiingia kwenye simu.

Diski ya nyumbani na wavamizi wake

Juni 2021 wamiliki wa diski za Western Digital aina ya My Book Live waliamka na kukuta kila kitu kimefutwa. Vifaa vyao vilikuwa vimeunganishwa moja kwa moja na intaneti, na kampuni ilikuwa imeacha kuvitolea maboresho ya usalama tangu 2015. Januari 2022 kundi la DeadBolt lilivamia maelfu ya visanduku vya QNAP vilivyoachwa wazi kwenye intaneti, likafunga faili na kudai bitikoini 0.03 kwa kila kifaa. Waathirika walikuwa watu wa kawaida waliotaka kuona picha zao wakiwa mbali.

Kisa kizito zaidi kilitokea Korea Kusini. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliohusisha betri za lithiamu ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon na kuteketeza hifadhi iitwayo G-Drive, yenye TB 858 za kazi za watumishi wa umma. Hifadhi ilikuwa ya serikali yenyewe, ndani ya nchi yake, chini ya wataalamu wake. Haikuwa na nakala mahali pengine.

Kisa hicho kiwekwe kando ya cha UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000. Mei 2024 hitilafu upande wa Google Cloud ilifuta mazingira yake ya kazi. Mfuko ulipona kwa sababu ulikuwa na nakala kwa mtoa huduma mwingine. Mmoja alijimilikia kila kitu akapoteza, mwingine alimtegemea mwenzake akasalimika. Kilichowatofautisha ni nakala ya pili, iliyokaa mahali ambapo ajali ya kwanza haikuweza kufika.

Hapo ndipo mauzo mengi ya vifaa vya nyumbani yanapopotosha. Kisanduku chenye diski mbili zinazonakiliana humlinda mtu dhidi ya diski moja kufa. Hakimlindi dhidi ya mwizi, moto, mafuriko kama ya Jangwani jijini Dar es Salaam, wala mtoto aliyefuta folda, kwa sababu kufutwa kwenye diski ya kwanza kunanakiliwa papo hapo kwenye ya pili.

Kazi ya kuhama yenyewe

Google Takeout, iliyoanza mwaka 2011, humruhusu mtu kuomba faili zake zote. Huja kama mafurushi ya zip, na kiungo cha kuyashusha hudumu siku chache tu. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, GB 200 huchukua takriban saa 44 mfululizo.

Ugumu mkubwa uko ndani ya mafurushi hayo. Picha nyingi hubeba tarehe yake ndani ya faili, lakini WhatsApp huondoa taarifa hizo inapozituma. Picha iitwayo IMG-20190412-WA0003.jpg ina tarehe kwenye jina lake, na Google huiandika pia kwenye faili ndogo ya JSON inayokaa kando yake. Aliyefungua zip na kunakili picha peke yake, akaziacha zile JSON akidhani ni takataka, atakuta maziko ya bibi ya mwaka 2019 yamepangwa kati ya picha za leo. Zana kama immich-go husoma JSON hizo na kurudisha kila picha mahali pake. Nyaraka za Google Docs nazo si faili za kawaida. Lazima zigeuzwe kuwa za Word au PDF, na historia ya marekebisho hubaki nyuma.

Njia za kati

Mjadala huendeshwa kana kwamba kuna kambi mbili tu, na hilo limewaumiza watu. Anayejali faragha pekee anaweza kubaki na hifadhi yake ya sasa akatumia Cryptomator, programu huria inayofunga faili kwenye kompyuta kabla hazijapanda. Kampuni inabaki kuhifadhi maboksi isiyoweza kuyafungua. Anayetaka simu na kompyuta viwe na faili zile zile anaweza kutumia Syncthing, inayosawazisha vifaa bila kuhifadhi faili kwenye seva yoyote katikati. Wapo pia wanaokodi Nextcloud iliyokwisha kusimikwa na mtoa huduma. Wanalipa kila mwezi, lakini wanaweza kuhamisha kila kitu kwenda kwa mwingine bila kubadili programu.

Mizani

Mtu mwenye simu moja na GB 50 za picha hana sababu ya kujenga seva. Kifurushi kidogo cha kulipia, pamoja na diski ya nje anayoijaza kila baada ya miezi michache na kuitunza kwa ndugu, vinamlinda vizuri kuliko kifaa asichokielewa. Anayetegemea bando la simu aachane na wazo la kufikia faili za nyumbani akiwa mbali. Syncthing kwenye Wi-Fi ya nyumbani itamfaa zaidi.

Familia yenye TB moja na zaidi, faiba, na mtu mmoja anayependa kweli kazi hii ndiyo inayovuna. Kwa familia hiyo seva ya picha nyumbani, inayofikiwa kwa mtandao binafsi bila mlango wazi kwenye ruta, ni uamuzi mzuri, mradi nakala iliyofungwa iwekwe nje ya nyumba hiyo. Gharama yake halisi ni saa za mtu huyo: kusasisha programu, kukagua diski, kuamka seva inapogoma. Asipokuwepo wa kuzitoa, hesabu ya dola 600 haimsaidii mtu.

Wakili, daktari wa zahanati au katibu wa SACCOS yuko katika kundi la peke yake. Anashika taarifa za wengine, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 2023, au Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, inamhusu popote faili zilipo. Seva ya chini ya meza haimwondolei wajibu huo. Inamfanya aubebe peke yake, na kwa wengi wao huduma ya kukodi yenye mkataba ulioandikwa ni salama zaidi.

Kwa anayeamua kuhama, mpangilio wa hatua una uzito kuliko chapa ya kifaa. Mifumo miwili iendeshwe sambamba kwa miezi kadhaa. Ichukuliwe simu tupu, na mtu mwingine wa nyumbani, si yule aliyesimika seva, ajaribu kurudisha picha zote kutoka kwenye nakala ya pili kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa kwenye karatasi. Akifanikiwa bila kuuliza, malipo ya kampuni yanaweza kusitishwa. Akikwama, yaendelee kulipwa mpaka karatasi hiyo irekebishwe.